Salama ya Nani?

Mwenye fedha za kununua gari moja tu achague lipi: gari la saluni la fahari lililokwisha kuzeeka, au shangingi jipya? Swali hili laonekana kuwa la soko, lakini ndani yake mna swali la wema.

Tutazame Mercedes-Benz S-Class iliyotokea mwaka 1979. Kimo chake ni yapata mita 1.4, na tangu mwaka 1981 iliweza kuwekwa mfuko wa hewa wa kumkinga dereva. Toyota Land Cruiser 300 ya mwaka 2021 ina kimo kipitacho mita 1.9, uzito uzidio tani 2, na mifuko ya hewa mingi. Kwa kumkinga aliyemo, jipya limelishinda la zamani.

Lakini barabara si mali ya waliomo garini peke yao. Boneti ya chini humpiga mpita njia miguuni. Ya juu humpiga kiunoni au kifuani, na mtoto kichwani. Tena aketiye juu huona mbali, asimwone mtoto aliye karibu na bampa. Kamera na breki zijikamatazo zenyewe hupunguza hatari hiyo, haziiondoi.

Sisemi kuwa kila shangingi ni dhuluma. Tabibu wa kijijini hana budi nalo wakati wa masika. Dhuluma ni kulitaka kwa fahari tu, mjini penye lami na watoto. Maana hapo salama ya mmoja hununuliwa kwa hatari ya mwingine, naye mwingine huyo hakuulizwa bei.