Asali ya Nani?

Septemba inapoingia Uingereza, mfugaji wa nyuki bustanini huinua upande mmoja wa mzinga kupima uzito. Kundi huhitaji takriban kilo 20 za asali kuvuka baridi. Mlangoni, nyuki wafanyakazi huwakokota madume kwa mabawa na kuwatupa nje wafe.

Hapo ndipo swali linapouma: asali hiyo ni ya nani?

Kurani, katika sura ya 16, An-Nahl, inaitaja kuwa na tiba kwa watu, na waumini wengi husoma hapo ruhusa. Ila ruhusa hiyo haifiki kwenye kukomba masega yote na kuwaachia nyuki maji ya sukari. Mvunaji mwadilifu huchukua kilichozidi, tena baada ya kupima.