Weka Kiberiti Chini Kwanza

Mwanangu, weka kiberiti chini kwanza. Najua motari wa pikipiki wamejaa mlangoni na kila mmoja anataka kuwahi. Lakini hiyo treni ndogo uliyoishika haitengenezwi kama fremu ya pikipiki. Ina vyuma vya aina mbalimbali, na kila kimoja kina joto lake.

Hapa kwetu Bunia reli haikufika. Ile ya kampuni ya Vicicongo, yenye upana wa milimita 600 tu, ilitoka Aketi, ikapita Isiro, ikaishia Mungbere. Babu wa mama huyu mwenye treni aliifanyia kazi reli hiyo, na Mbelgiji mmoja aliyekuwa anarudi kwao akamwachia kichezeo hiki cha chuma. Ndiyo sababu mama amekileta kimeviringishwa kwenye kitenge, kama mtu aliyebeba mayai.

Chukua ile sumaku tuliyotoa kwenye spika ya redio. Ipitishe polepole. Ikinata, hilo ni bati. Isiponata, kwaruza kidogo chini ya tumbo, mahali pasipoonekana. Ukiona njano, hiyo ni shaba ya njano. Ukiona kijivu, nacho ni kizito, na palipovunjika pana chembechembe, basi ni zamaki: zinki iliyochanganywa na alumini, magnesi na shaba kidogo.

Zamaki ilinitia adabu nikiwa na umri wako. Mwalimu mmoja alileta kabureta ya pikipiki yake, sikio limekatika. Nikawasha gesi haraka haraka, nikingoja chuma kiwe chekundu. Chuma cha kawaida hukuonya: kikifika nyuzi 500 na kitu, unaanza kuona wekundu. Zamaki huyeyuka karibu na nyuzi 385, kabla haijabadilika rangi. Ilikuwa kijivu vilevile, mara ikawa tone mezani. Mwalimu hakunitukana. Alirudi kijijini kwake kwa miguu, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Kwa hiyo ndoano hii ya kuvutia mabehewa iliyovunjika, kwa kuwa ni ya zamaki, hatuichomelei. Toboa tundu la milimita moja kila upande wa palipovunjika, kwa keekee ya mkono, ukitoa unga kila mara. Ingiza kipande cha waya wa chuma, kisha paka gundi ile ya mirija miwili. Funga kwa uzi. Mpaka kesho usiiguse, mwanangu, hata kuijaribu kwa kidole. Gundi ya dakika tano ipo dukani, ila kwa kitu kinachovuta mzigo mimi siiamini.

Na ukiona zamaki imevimba, ina nyufa nyembamba kila mahali, usihangaike na gundi. Risasi kidogo tu iliyoingia kwenye zinki siku ya kuisubu inatosha kuiharibu kutoka ndani, na unyevu huichochea. Hapo tunachonga ndoano mpya kwa tupa, kwenye shaba ya njano. Ile ya zamani mrudishie mwenyewe kwenye karatasi. Ni mali ya babu yake, hata ikiwa vumbi.

Mwili wa bati ndio unaokubali lehemu. Lehemu ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, kwa hiyo moto mkubwa hauhitajiki kabisa. Ile pasi ya shaba tunayoipasha kwenye makaa umeme ukikatika inatosha. Sugua mshono ulioachia kwa msasa mpaka ung'ae, paka dawa ya lehemu, halafu pasha bati lenyewe, na lehemu itaingia yenyewe. Ukiidondoshea lehemu bati likiwa baridi, itakaa juu tu na kesho itabanduka.

Rangi ya pembeni ifunike kwa kitambaa kilicholowa. Usiipake upya. Hapo ubavuni ilipochubuka ndipo vidole vya babu yake vilipokuwa vikishika, na mama huyu anapajua.

Ukimaliza, osha mshono kwa maji ya moto na ukaushe vizuri, maana dawa ikibaki ndani italeta kutu.