Mapenzi ya Mungu na waya wa ethi

Mtu akiuawa na umeme nyumbani mwake, msibani husikika maneno yaleyale, pwani hadi bara: kazi ya Mungu haina makosa, siku yake ilikuwa imefika, ajali haina kinga. Maneno hayo yana kazi yake, na anayeyadharau hajawahi kukaa jamvini na mfiwa. Humzuia mjane asijilaumu kwa kumtuma mumewe akachomeke pasi. Huwapa majirani cha kusema pale ambapo hapana la kusema. Lakini matanga yakishaanuliwa fundi huitwa, naye akifungua soketi hukuta waya wa kijani na manjano, ule wa ethi, umekunjwa nyuma ya boksi na haukufungwa popote. Je, waya ule nao uliachwa vile kwa mapenzi ya Mungu?

Swali hili ni la zamani kuliko taa za umeme. Liliulizwa kwa ukali katika karne ya 18, baada ya Benjamin Franklin kueleza kwamba radi ni umeme, na kwamba fimbo ya chuma yenye ncha, ikisimamishwa juu ya paa na kuunganishwa na ardhi, huipokea na kuishusha bila kudhuru nyumba. Maelekezo yake yalichapishwa katika kalenda yake ya mwaka 1753. Novemba 1755 tetemeko likaitikisa Boston, na mchungaji Thomas Prince akaandika kwamba huenda fimbo zile, zilizokuwa nyingi mjini mwao kuliko kwingine, zimeijaza ardhi umeme hadi ikatetemeka. Aliyezuia mkono wa Mungu angani, ndivyo alivyohofu, atakutana nao ardhini. John Winthrop, profesa wa Harvard, alimjibu kwa hoja za kisayansi. Franklin mwenyewe alikuwa ameshagusa jambo hilo katika barua ya mwaka 1753: radi haina uungu kuzidi mvua, mvua ya mawe au jua, na hivyo vyote watu hujikinga navyo kwa mapaa na vivuli bila kuona wamemkosea Muumba.

Prince hastahili kuchekwa. Alikuwa anauliza binadamu aliyejikinga na kila kitu atabakiwa na unyenyekevu gani, na hilo ni swali la mtu mzima. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba hatari ni chombo cha Mungu na kinga ni ya binadamu peke yake.

Dhana hiyo iliua watu wa dini wenyewe. Katika sehemu nyingi za Ulaya ilikuwa desturi kupiga kengele za kanisa radi inapokaribia, ili kuifukuza. Mnara ndio uliokuwa mrefu kuliko majengo yote ya kijiji, na mpiga kengele alisimama chini yake ameshika kamba iliyolowa. Kitabu kilichochapishwa Munich mwaka 1784 kilihesabu minara 386 iliyopigwa na radi katika miaka 33, na wapiga kengele 103 waliokufa. Huko Venice, mnara wa Mtakatifu Marko ulipigwa karne hadi karne. Mwaka 1745 mawe yake yaliyoanguka yaliua watu, na mwaka 1776 ndipo ulipofungiwa fimbo ya radi. Kaskazini mwa Ufaransa, katika mji wa Saint-Omer, mtu mmoja aliyeitwa Vissery alishtakiwa na majirani kwa kuweka fimbo kama hiyo juu ya nyumba yake. Wakili kijana aliyemtetea alikuwa Maximilien Robespierre, na mwaka 1783 mahakama ikampa haki mteja wake.

Mabishano yote hayo yangeweza kufupishwa kama pande zote zingesoma tena vitabu vyao. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, lina sheria ya ujenzi: anayejenga nyumba mpya aweke ukuta mfupi kuzunguka dari, kwa sababu mtu akianguka kutoka juu, damu yake itakuwa juu ya nyumba ile. Sheria hiyo haijali kama aliyeanguka alikuwa mlevi, mzembe au mgeni asiyeijua nyumba. Haingoji aanguke. Deni linamkaa mwenye nyumba tangu siku aliyomaliza kujenga akaacha ukingo wazi.

Mapokeo ya Kiislamu nayo yameingia mpaka chumbani. Abu Daud amepokea hadithi ya Mtume inayomwonya anayelala juu ya paa lisilo na kizuizi. Bukhari amepokea habari ya nyumba moja ya Madina iliyoungua usiku na wenyewe wamo ndani, Mtume akaamuru mioto izimwe watu wanapokwenda kulala. Katika hadithi nyingine ikatajwa hata sababu: panya anaweza kuburuta utambi wa taa akawaunguza wenye nyumba. Ni vigumu kupata fundisho la kidini lililo karibu na kazi ya fundi umeme kuliko hili. Linataja chanzo cha moto, njia ya moto kusambaa, saa ya hatari, na tendo dogo la kufanya kabla ya kufumba macho.

Kisa kinachofika kwenye kiini ni cha Khalifa Umar bin Al-Khattab, karne ya 7. Alikuwa njiani kwenda Sham, akafika mahali paitwapo Sargh, akaambiwa tauni imezuka huko mbele. Alishauriana na masahaba, wakatofautiana, kisha akaamua msafara urudi. Abu Ubaida bin Al-Jarrah, jemadari wake na mtu aliyempenda, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar alisikitika kwamba swali hilo limetoka kwa mtu kama yeye. Akajibu kuwa naam, wanaikimbia kadari ya Mungu kuielekea kadari ya Mungu. Kisha akampa mfano wa mchunga ngamia aliyeteremkia bonde lenye pande mbili, moja ya majani na moja kame: popote atakapolisha wanyama wake, atakuwa amelisha kwa kadari. Kwa jibu hilo, uwezo wa kuchagua upande wa majani umewekwa ndani ya mapenzi ya Mungu. Hauko nje yake ukishindana nayo.

Waya wa ethi, basi, ni upande wa majani. Lakini hapa inabidi kuijua nyumba ya leo kwa undani kidogo, kwa sababu watu wengi wanaamini wamekingwa na kitu ambacho hakikuwekwa kwa ajili yao.

Kitu hicho ni breka. Mwenye nyumba akionyeshwa ukutani lile boksi lenye breka zilizopangwa safu, hupumua: shoti ikitokea, itakata. Itakata kweli, ila breka ni mlinzi wa nyaya. Breka ya ampea 32 inayolisha soketi imewekwa ili waya usipitishe umeme mwingi kiasi cha kuyeyusha plastiki yake na kuwasha moto. Mwili wa mtu mwenye mikono iliyolowa, akishika umeme wa volti 230 huku amesimama peku sakafuni, unaweza kupitisha takriban robo ya ampea. Kiasi hicho kinatosha kuuvuruga moyo ukaacha kusukuma damu. Kwa breka inayosubiri ampea 32, robo ya ampea ni mzigo wa taa ya mezani. Haitaondoka mahali pake, na mtu atakufa huku kila breka ya nyumba ikiwa juu, kama ilivyoagizwa.

Ethi hupunguza hatari hiyo kwa njia nyingine. Waya ukichubuka ndani ya friji na kugusa bodi yake ya chuma, umeme hupata njia rahisi kuelekea ardhini, unakimbia kwa wingi, na breka inakata kabla mtoto hajaja kufungua mlango wa friji. Ethi isipokuwepo, bodi hubaki na umeme, kimya, ikingoja mkono. Na hata ikiwepo, kwenye mchanga mkavu wa pwani fimbo ya ethi huenda isiishike ardhi vizuri. Njia ile ikiwa na ukinzani wa omu 20, umeme utakaopita ni ampea 11 na ushee, na breka ya 32 haitaguswa.

Ndiyo maana kikabuniwa kifaa ambacho mafundi wengi hukiita kwa herufi zake, RCD. Hakipimi wingi wa umeme, kinalinganisha. Umeme unaokwenda kwa waya wa moto lazima urudi wote kwa nyutro. Ukipungua hata miliampea 30, maana yake sehemu imepata njia nyingine, na pengine njia hiyo ni kifua cha mtu. Kifaa kinakata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Miliampea 30 ni chini ya moja ya elfu ya zile ampea 32.

Kipimo hicho kidogo kilitafutwa kwa bidii. Charles Dalziel, profesa wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, aliwapima watu waliojitolea ili ajue ni umeme kiasi gani unaokaza misuli ya kiganja hadi mtu ashindwe kuuachia waya. Kwa wanaume wastani ulikuwa miliampea 16 hivi, kwa wanawake kama 10 na nusu. Mwaka 1961 akabuni kifaa chake. Afrika ilikuwa imetangulia: mhandisi Henri Rubin alishatengeneza kifaa cha namna hiyo nchini Afrika Kusini, na kati ya 1957 na 1958, baada ya vifo kadhaa vya umeme majumbani katika kijiji cha mgodi wa dhahabu cha Stilfontein, mamia ya vifaa vya miliampea 20 vilifungwa katika nyumba za hapo. Kwenye kijiji kile watu walikataa kuishia kwenye rambirambi.

Tofauti ya mlinzi wa waya na mlinzi wa mtu ndiyo inayoligeuza suala la ufundi kuwa la dhamira. Anayejenga nyumba ya kupangisha huweka breka kwa sababu bila hizo nyumba yake itaungua. RCD na ethi humkinga zaidi mtu ambaye mwenye nyumba hamjui bado: mpangaji wa mwaka kesho, binti wa kazi anayepiga pasi, mtoto ambaye hajazaliwa atakayeoga kwa hita ya maji mwaka 2035. Hakuna atakayemshukuru, kwa kuwa aliyeokolewa na kifaa hicho kwa kawaida husikia tu mtetemo mkononi na taa zikizimika, kisha hulalamika umeme umekatika. Wema wa namna hii haupati shahidi. Torati iliamuru ukuta wa dari, haikuuacha kwa hiari ya moyo, na pengine sababu ni hii.

Soketi za pini tatu zinazotumika Kenya, Uganda na Tanzania zimetengenezwa kwa utaratibu huohuo. Pini ya juu, ya ethi, ni ndefu kuliko nyingine. Huingia kwanza, na ndiyo inayosukuma vifuniko vya matundu mawili ya chini, hivi kwamba umeme haupatikani mpaka kinga iwe imeshafika; plagi ikichomolewa, kinga hutoka mwisho. Aliyeibuni aliweka ulinzi mbele ya matumizi. Ndipo mtu mwenye plagi ya pini mbili huchukua kalamu, akaisokomeza katika tundu la juu ili vifuniko vifunguke, na simu ikapata chaji. Hufanyika katika maelfu ya vyumba kila jioni, pamoja na zile fyuzi za zamani zilizofungwa waya mnene wa shaba "zisisumbue". Atakayesema baadaye kwamba ajali haina kinga atakuwa anasema juu ya kinga iliyochokolewa kwa kalamu.

Umaskini una sehemu yake hapa, na si haki kumwekea mpangaji mzigo wa mwenye mali. Anayenunua ekstensheni ya waya mbili sokoni ananunua alichouziwa. Anayejua ni fundi, na mwenye nyumba aliyemwambia apunguze gharama, na mkaguzi. Tanzania ina EWURA inayotoa leseni za mafundi umeme na Kenya ina EPRA, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba elimu hii imefichwa. Hata nyumba za ibada zina hesabu yao: kikuza sauti kinachompiga mhubiri shoti midomoni ni dalili ya hitilafu, na kamati ya msikiti au baraza la kanisa linaloendelea kukitumia limeshaarifiwa.

Injili ya Luka, sura ya 13, inataja mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18, na Yesu akakataa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu. Aliwaondolea marehemu lawama. Waliojenga mnara hakuwataja.

Na iko sehemu ambayo kinga haifiki. Mtu akishika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, huku amesimama juu ya ubao mkavu, umeme unaokwenda utarudi wote, na RCD haitaona upungufu wowote. Kwa RCD, mtu huyo ni kifaa kama vifaa vingine. RCD yenyewe huzeeka. Ina kitufe kidogo chenye herufi T cha kuijaribu, na katika nyumba nyingi hakijawahi kubonyezwa tangu fundi aondoke. Baada ya ethi kufungwa, kitufe kubonyezwa na mikono kukaushwa, bado mtu anaweza kufa, na hapo maneno ya jamvini yanakuwa na uzito wake kamili. Kabla ya hapo, familia inayomtafuta fundi baada ya arobaini ili imuulize alifunga nini ukutani na kwa agizo la nani haijakosa subira, wala haijabishana na Mungu.