Kiraka Kinachosomeka

Wanaojenga kiini cha Linux wana sharti: kila kiraka cha msimbo kibebe badiliko moja tu. Ukirekebisha hitilafu, usipange upya faili zima humo humo. Wengi huliona hili kuwa suala la unadhifu. Mimi naliona ni suala la haki. Ukimtupia mkaguzi mistari elfu mbili iliyochanganyika, unamlazimisha akuamini bila kuona.

Je, unadhifu ni uaminifu? Mwaka 2024 ulitujibu. Mtu aliyechangia programu ya xz kwa zaidi ya miaka miwili, kwa subira na adabu, alipenyeza ndani yake mlango wa siri. Kikulacho ki nguoni mwako. Lakini tazama alikouficha: kwenye faili za majaribio zisizosomeka kwa macho. Andres Freund aliushtukia kwa sababu kuingia kwenye kompyuta kulichelewa takriban nusu sekunde.

Nia ya mtu haikaguliki. Kazi yake hukagulika, akikubali. Ndiyo maana hata mwema anadaiwa kiraka kinachosomeka: wema wake usiwe kichaka cha kumfichia mwingine.