Diski ni yangu, siri zilizomo ni za nani?

Kuna neno ambalo sisi wenye vibanda vya kuchapa na kutoa fotokopi hulisema mara nyingi kwa siku bila kulifikiria. Mteja anamaliza shida yake, analipa, kisha anauliza kwa sauti ya chini: "Umeshafuta?" Nasi tunamjibu haraka: "Nimefuta." Nimelisema neno hilo kwa zaidi ya miaka kumi katika duka langu dogo la stesheneri mjini Iringa. Ilinibidi nifike Mbeya kwa fundi ndipo nikajua kwamba muda wote huo nilikuwa nikisema jambo lisilo kweli.

Kompyuta yangu ya mezani niliinunua ikiwa mtumba mwaka 2012, na ilikuwa imechoka. Nikiiwasha asubuhi niliweza kutia udhu, nikasali rakaa mbili za dhuha, nikarudi nikaikuta bado inazungusha kiduara chake. Wateja wakaanza kunihama, hasa wanafunzi wanaoomba mikopo ya elimu ya juu, maana nani atasimama nusu saa kungoja fomu ifunguke? Wengi walinishauri niitupe ninunue nyingine. Fedha hiyo sikuwa nayo, na hata kama ningekuwa nayo moyo ulisita. Kutupa kitu kizima kwa sababu kiungo chake kimoja kimezeeka ni israfu, na israfu tumekatazwa.

Nilipopata safari ya harusi ya ndugu kule Mbeya, mpwa wangu aliyesomea mambo haya akaniambia nije na mashine, kuna fundi anamwamini. Nikalifunga kasha lake kwenye blanketi, nikapanda nalo basi, tukapita Mafinga na Makambako nikiwa nimelipakata kama mtoto.

Fundi alikuwa kijana wa maeneo ya Kabwe. Akafungua kwa bisibisi, akapuliza vumbi, akanieleza kwa upole. Ndani ya diski ya zamani mna sahani zinazozunguka, katika kompyuta nyingi za mezani mara 7,200 kwa dakika, na mkono mdogo unaokimbia huku na huku kuokota kinachotakiwa. Ni kama karani mmoja anayetumwa kuleta majalada yaliyotawanyika kwenye rafu mia. Diski mpya, ambayo mafundi huiita SSD, haina sahani wala mkono. Kumbukumbu zake zimo kwenye chipu, kama zilivyo kwenye fleshi. Ya zamani husoma kiasi cha megabaiti 100 hadi 150 kwa sekunde, nayo mpya inayochomekwa mahali pale pale hufika karibu 500. Lakini tofauti kubwa zaidi ni katika kuokota vitu vidogo vidogo vilivyotawanyika, na hiyo ndiyo kazi kubwa ya kompyuta inapowaka.

Akaifunga, akaongeza na ramu, akawasha. Mashine ile ile iliyonisumbua miaka yote ikafunguka kabla ya nusu dakika kutimia. Nilimshukuru Mwenyezi Mungu, kisha nikamshukuru kijana.

Hapo ndipo aliposema: "Mzee wangu, hii ya zamani niachie, nikupunguzie elfu ishirini."

Nilikwisha kukubali. Nikamwambia aichukue tu, haina kitu, maana jana yake nilifuta kila kilichokuwamo. Akacheka, si kwa dharau. "Kufuta kule hakufuti, mzee." Akaichomeka kwenye mashine yake, akaita programu fulani, akaniomba nisubiri. Haikupita saa moja, majina ya mafaili yakaanza kushuka kwenye kioo. Nakala za vitambulisho vya NIDA. Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo. Maneno ya siri ya watu walioomba ajira. Kisha nikaliona jina moja, mikono ikapoa.

Nieleze kwa uangalifu, na nimebadilisha mawili matatu ili wahusika wasijulikane. Miaka mingi iliyopita mtu mmoja alinijia jioni, ana hasira ya mirathi. Alinichapisha barua ya kupeleka Mahakama ya Mwanzo, akidai kuwa mdogo wake wa kike si mtoto wa marehemu baba yao. Baada ya siku mbili akarudi. Wazee walikuwa wamewakalisha, wamepatana, na barua haikupelekwa popote. Alitaka ifutwe. Nikaifuta mbele ya macho yake, nikamwaga na pipa la taka la kompyuta, nikamwambia: "Imekwisha." Akanishika mkono kwa nguvu, akaondoka.

Dada huyo yuko hai. Ana watoto. Hajui kwamba barua ile iliwahi kuandikwa. Nayo ilikuwa pale, neno kwa neno, mezani kwa kijana nisiyemjua, nami nilikuwa nimeiuza kwa elfu ishirini.

Kumbe kompyuta inapofuta huwa imechana ukurasa wa yaliyomo tu. Kurasa zenyewe hubaki kitabuni mpaka siku patakapoandikwa kitu kingine juu yake. Wala jambo hili si la Iringa peke yake. Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT cha Marekani walitangaza matokeo ya kuchunguza diski kuukuu 158 walizonunua. Zilizofanya kazi zilikuwa 129, na zilizosafishwa sawasawa zilikuwa 12 tu. Katika zilizobaki walikuta barua, taarifa za wagonjwa na maelfu ya namba za kadi za benki. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Kanada walionesha katika filamu kwamba diski moja waliyoinunua sokoni nchini Ghana ilikuwa na nyaraka za Northrop Grumman, kampuni ya Marekani ya mambo ya ulinzi. Mitumba tunayoletewa huja na siri za wenyewe. Hata kompyuta yangu ilikuwa mtumba, na sijui aliyekuwa nayo kabla yangu aliambiwa nini na aliyemfutia.

Sasa tujiulize. Diski ile niliinunua kwa jasho langu. Je, ni yangu? Plastiki, chuma na sumaku ni vyangu. Lakini kilichoandikwa juu yake ni amana. Surat An-Nisaa, aya ya 58, inatuamrisha kurudisha amana kwa wenyewe, nasi tumezoea kuwaza juu ya fedha na funguo. Barua ile ilikuwa amana yenye wenyewe wawili: aliyeileta, na dada aliyetajwa ndani yake bila kuulizwa. Huyu wa pili ndiye mwenye haki kubwa zaidi, na ndiye asiyeweza kuidai, kwa kuwa hajui kwamba ipo.

Ataniambia mtu: bwana wee, nani ahangaike na diski ya karani wa Iringa? Wezi wanataka namba za benki, hawataki ugomvi wa mirathi. Hoja hiyo ina nguvu Dar es Salaam, lakini kwetu inageuka. Katika mji mkubwa siri ya mtu ni namba tu kwa asiyemjua. Katika mji ambamo tunakutana sokoni, msikitini na mazikoni, siri ina majirani. Haihitaji mwizi, inahitaji mtu mmoja mwenye ulimi. Na kwa wanaosubiri serikali iseme ndipo waelewe, imekwisha sema: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi kwangu. Mimi niliyekataa kutupa kompyuta kwa kuogopa israfu, nivunje diski inayofanya kazi? Fundi alisema kuna njia ya kati: kuandika upya diski nzima, mwanzo hadi mwisho, ili kurasa za zamani zifunikwe, kisha itumike tena bila hofu. Tukaiacha usiku kucha. Asubuhi tukakuta baadhi ya sehemu zake zimeharibika, mashine haikubali kuziandika. Nani angeniapia kwamba barua haikuwa imejificha humo? Nikamwambia aitoboe. Akaitoboa kwa keekee, sahani zikasikika zikipasuka. Israfu ni kuharibu pasipo haja, na hapa haja ilikuwapo. Kama diski ingekuwa nzima ningeipeleka madrasa baada ya kuisafisha. Lakini amana hutangulia, akiba hufuata.

Hata kuhamishia vitu vya zamani kwenye SSD nilikataa. Nilichukua fomu zangu tupu na hesabu za duka, basi. Fundi aliniambia kwamba SSD nyingi hujisafisha zenyewe baada ya faili kufutwa, hivyo si rahisi kurudisha kilichopotea. Mwenye picha za familia aweke nakala ya pili mahali pengine. Lakini alinionya pia nisiigeuze hiyo kuwa hirizi. Siku itakapotoka, nayo isafishwe kwa njia inayoifaa.

Je, nilimwendea yule bwana nikamwambia yaliyotokea? Hapana. Nilifika mlangoni kwake nikarudi. Niliona kwamba ningekwenda kuutua mzigo wangu na kumtwika yeye. Huenda nimekosea, na mwenye elimu zaidi anielekeze.

Tangu Oktoba 14, 2025 Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida yake, na wengi wetu, ofisi, shule na misikiti, tutajikuta tunabadilisha mashine au viungo vyake. Kabla hujamkabidhi fundi kitu cha zamani, muulize kinakwenda wapi, na ukae naye mpaka kisafishwe. Usimdhanie ubaya. Yule wa Mbeya angeweza kunyamaza akaichukua.

Mimi nimebandika karatasi ukutani: mteja aje na fleshi yake, kazi ifanyike humo, aondoke nayo. Juzi mama mmoja aliyekuja na mambo ya talaka ya binti yake aliniuliza kama kawaida: "Umeshafuta?" Nikamjibu: "Mama, sikuhifadhi. Fleshi yako hii hapa."