Mgeni na Siku ya Jembe

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tumeifundisha darasani mara nyingi mno, na aghalabu huifasiri upesi, kwamba mgeni asikae bure. Lakini ndani yake mna suala la haki ambalo methali yenyewe imelikata kwa hesabu tu. Ni nani aliyeihesabu ile siku ya tatu? Na kwa nini isiwe ya nne? Napenda kulichunguza suala hilo mintarafu ya jambo linalotuhusu sisi walimu wa lugha kuliko watu wengine, yaani namna ya kumfundisha na kumtahini kijana aliye katika miaka ya mwisho ya sekondari, katika lugha isiyokuwa ya kwao.

Mfano wangu nautoa mbali, Australia, kwa kuwa huko wameamua kuiandika siku ya jembe katika kanuni za mitihani, nasi twaweza kuisoma na kuijadili. Tena nchi hiyo si ngeni kabisa kwa wasomaji wa jarida hili. Familia nyingi za Wakongo na Warundi wasemao Kiswahili, waliopitia Nyarugusu nchini Tanzania, Kakuma nchini Kenya, au Nakivale nchini Uganda, wamehamia huko kama wakimbizi, na watoto wao wamo miongoni mwa wale wanaokutana na kanuni hizo.

Katika jimbo la New South Wales, mwanafunzi hawezi kupata cheti cha kumaliza sekondari bila kusoma Kiingereza. Lakini kozi za Kiingereza ziko kadha wa kadha, na mojawapo imewekwa makusudi kwa ajili ya wale ambao Kiingereza kwao ni lugha ya nyongeza. Zamani kozi hiyo iliitwa ya Kiingereza kama lugha ya pili; jina likabadilishwa pamoja na muhtasari mpya ulioanza kufundishwa mwaka 2018. Badiliko hili la jina wengine wameliona dogo. Mimi naliona la maana. Kijana wa Kivu aliyekuja na Kibembe, Kiswahili na Kifaransa kidogo akiambiwa kwamba Kiingereza ni lugha yake ya pili, amefutiwa mbili. Neno "nyongeza" walau linakiri kwamba kuna kitu kinachoongezewa.

Kozi yenyewe haikosi uzito. Wanafunzi husoma fasihi, huandika insha, huchunguza uhusiano wa lugha na utambulisho na utamaduni, na mtihani wao una sehemu ya kusikiliza. Matokeo yake huhesabiwa kwa kuingilia chuo kikuu kama yanavyohesabiwa ya kozi nyingine za Kiingereza. Lakini mlango wake una bawabu. Kwa kawaida huingia yule tu aliyesomeshwa kwa Kiingereza, Australia au kwingineko, kwa miaka mitano au chini ya hapo kabla ya kuanza mwaka wa kumi na moja wa masomo. Katika jimbo jirani la Victoria, ambako pia kuna mpango wa namna hiyo, hesabu ni miaka saba. Basi mgeni wa Sydney hupewa jembe mapema kuliko mgeni wa Melbourne, ingawa lugha ni ile ile na nchi ni moja.

Kabla ya kuizungumzia hesabu hiyo, hapana budi tuulize kama ni haki kuwa na kozi ya namna hii. Mzazi mwenyeji aweza kusema: mwanangu na huyu mgeni wanagombea nafasi moja chuoni, kwa nini mmoja atahiniwe kwa karatasi nyingine? Swali hili si la chuki, na mwalimu asilipuuze.

Jibu linalotolewa kwa kawaida ni hili. Mwenye duka akipima sukari pamoja na kopo la mnunuzi, na wanunuzi wote wana makopo ya namna moja, hakuna anayedhulumiwa kuliko mwenziwe. Siku akija mtu mwenye kopo zito, akapimiwa vilevile, atarudi nyumbani na sukari kidogo kwa bei ile ile. Mtihani wa lugha hupima fikra na wepesi wa ulimi katika sahani moja ya mizani. Kwa wenyeji ulimi haupishani sana, hata tukasahau kwamba nao unapimwa. Kwa hiyo, husema watetezi wa kozi hii, tuondoe uzito wa kopo ndipo tupime.

Jibu hilo ni zuri lakini halifiki mwisho wa safari. Sukari hutoka koponi ikabaki sukari. Fikra haitoki katika maneno namna hiyo. Mwanafunzi anayeandika juu ya riwaya akiwa na maneno mia tano ya kuelezea huzuni, na mwenziwe mwenye neno moja tu la huzuni, hawakuandika wazo lile lile katika nguo mbili. Yule wa pili huenda alihisi zaidi, lakini karatasini limefika wazo jembamba, na mtahini hana ruhusa ya kusahihisha kilichobaki moyoni. Mwenye kudai kwamba anapima akili tupu bila lugha, katika somo la lugha, anajidanganya.

Haki ya kozi hii, kwa maoni yangu, inasimama mahali pengine, katika kufundisha hasa kuliko kutahini. Darasa la wenyeji limejengwa juu ya mambo yanayodhaniwa kuwa yamekwisha julikana. Mwalimu hasimami kueleza kwa nini mhusika akisema "asante" mahali fulani anatukana, wala kwa nini kitenzi hiki ni cha mahakamani na kile ni cha jikoni. Wenyeji waliyapata hayo mezani kwa mama zao. Mgeni akiketi humo atanyimwa mafundisho yenyewe, wala hatajua kwamba amenyimwa. Kozi ya lugha ya nyongeza ikisimama na kufundisha yale ambayo nyingine inayaruka, hiyo ni jembe hasa. Ikiwa ni mahali pa kusoma vitabu vifupi na kuulizwa maswali mepesi ili alama zipande, basi mzazi yule ana haki ya kulalamika, na mgeni ana haki zaidi, kwa sababu ndiye atakayekwama chuoni mwaka utakaofuata.

Kuna wanaosema pia kwamba kumtenga kijana ni kumwaibisha. Yawezekana. Ila aibu ya kukaa miaka miwili nyuma ya darasa bila kufungua kinywa nayo si ndogo.

Turudi kwenye hesabu. Miaka mitano na saba haikuokotwa njiani. Mtaalamu Jim Cummins wa Kanada alionyesha, mnamo 1979 na 1981, kwamba watoto wahamiaji hupata lugha ya mazungumzo kwa muda wa miaka miwili hivi, ilhali lugha ya masomo, ile ya kufafanua, kulinganisha na kutoa hoja, huwachukua miaka mitano hadi saba kuwafikia wenzao. Naye Virginia Collier wa Marekani, katika utafiti wake wa mwaka 1987, aliwakuta waliofika wakiwa na umri wa miaka 12 hadi 15 ndio waliochelewa zaidi. Maarifa haya ni muhimu kwa mwalimu yeyote. Kijana anayepiga soga uwanjani kwa ufasaha hudhaniwa kuwa amekwisha jua lugha, na akishindwa insha huitwa mvivu.

Lakini utafiti ulihesabu miaka ya kujifunza. Kanuni inahesabu miaka ya daftari. Tumchukue kijana wa kufikirika. Alizaliwa Kivu, akafika Nakivale akiwa na miaka minane, akaandikishwa katika shule ambayo, kama shule nyingi za Uganda, husomesha kwa Kiingereza. Darasa limejaa, kitabu kimoja ni cha watoto wengi, na kengele ikilia hakuna Kiingereza tena mpaka kesho. Nyumbani, kisimani na sokoni ni Kiswahili, Kinyabwisha au Kibembe. Akahamia Sydney akiwa na miaka kumi na mitano. Daftari linasema amesomeshwa kwa Kiingereza miaka saba. Bawabu akisoma herufi za kanuni atamwambia: wewe ni mwenyeji. Nyuma yake anaweza kuja kijana wa tajiri kutoka nchi nyingine, aliyesomeshwa kwa lugha ya kwao mchana na kulipiwa mwalimu wa Kiingereza kila jioni tangu utoto. Huyo kwa daftari ni mgeni, na mlango uko wazi.

Waliotunga kanuni hawakuwa vipofu. Victoria wameweka nafasi ya kuombea wale ambao masomo yao yalikatika au hayakuanza mapema. Pia wameruhusu viziwi, pamoja na wanafunzi wa asili ya nchi hiyo ambao lugha yao ya kwanza si Kiingereza. Hilo la mwisho nalipenda kwa ajabu yake. Mtu ambaye wazee wake wameishi hapo tangu kale kuliko wote anaingia kwa mlango wa wageni, kwa kuwa ugeni unaoulizwa ni wa lugha, si wa ardhi.

Aristotle, katika kitabu cha tano cha Maadili yake kwa Nikomako, aliligusa jambo hili. Sheria, alisema, husema kwa ujumla, na mambo ya watu huja moja moja. Kwa hiyo panahitajika uadilifu wa kuirekebisha sheria pale ujumla wake unapokosea. Akatoa mfano wa waashi wa Lesbos waliotumia kipimo cha risasi laini, kinachojipinda kulingana na jiwe. Tatizo tunalijua sote: kipimo kinachojipinda kwa kila jiwe, mwishowe hakipimi chochote, na katika shule kitajipinda upesi zaidi kwa mtoto wa mwenye sauti kubwa. Kwa sababu hiyo sitaki hesabu ya miaka iondolewe. Hiyo ndiyo inayomzuia mwenye hila. Ninachokataa ni kwamba mlango wa pembeni ufunguliwe kwa makaratasi peke yake, maana wanaouhitaji zaidi ndio ambao ripoti zao za shule zilipotea njiani. Mwalimu aliyesoma insha tatu za mwanafunzi anajua alipofika. Ushahidi wake na uwe na nguvu kama mhuri.

Na sisi je? Tangu mtaala wa mwaka 2020, Kiswahili ni somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili nchini Uganda. Rwanda wamekifanya lugha rasmi mwaka 2017. Ni habari njema, na chama chetu kimezifurahia. Lakini sasa benchi moja linakaliwa na mtoto wa Busia au Arua, aliyekisikia Kiswahili kabla ya kuota meno, na mtoto wa Masaka ambaye babu yake alimwambia kwamba hiyo ni lugha ya askari na wezi. Kigali yuko mtoto wa Nyamirambo na mtoto wa mlimani. Bujumbura yuko wa Buyenzi na wa bara. Sisi tunalo jembe moja, na tunaligawa siku ya kwanza.

Isitoshe, tunaye mgeni wa namna ya tatu, na huyu ndiye anayenisumbua zaidi. Ni yule yule kijana wa Kivu, kabla hajasafiri. Kiswahili anakijua kuliko darasa zima, pengine kuliko mwalimu, ila anasema "batoto" tunapotaka "watoto". Tunamkata alama, naye anaondoka akiamini kwamba hajui lugha aliyonyonya. Hakuna kanuni ya miaka mitano wala saba itakayomweka mahali pake, maana katika lugha hii ni mwenyeji na mgeni kwa wakati mmoja.

Mahali ambapo darasa zima ni wageni, jambo hili hufichika kabisa. Rwanda ilipoamua mwaka 2008 kusomesha kwa Kiingereza, walimu wengi wenyewe walikuwa wageni wa lugha hiyo. Tanzania, mtoto anayetoka shule ya msingi ya serikali huiacha lugha aliyosomea na kuanza sekondari kwa nyingine. Hapo hakuna mwenyeji wa kulinganishwa naye, kwa hiyo hakuna anayedai kozi ya wageni, na atakayeshindwa ataambiwa akili zake ni ndogo.

Kwa hayo yote, nawaomba walimu wenzangu tulifikirie pendekezo la muhtasari wa pili wa Kiswahili kwa madarasa ya juu, kama lugha ya nyongeza, wenye kazi nyingi kuliko ule wa sasa na usiopungua kitu katika madai yake. Sehemu ya kusikiliza, ambayo wenzetu wa New South Wales wanayo, na iwemo. Walakini tutakapokaa kuitayarisha itatubidi kwanza kukubaliana jambo moja ambalo sijaona likijadiliwa katika kurasa hizi: sauti itakayosikika katika chumba cha mtihani iwe ya nani, ya Unguja, ya Kampala, au ya Bukavu?