Aibu ya Mzazi na Uhai wa Mtoto

Tuwaze habari kama hii. Mama afika hospitali usiku na mtoto wa miaka miwili. Mtoto akohoa, udenda wamtoka, chakula hakitaki. Daktari auliza: "Je, amemeza kitu?" Mama ajibu: "La, bwana daktari, ni mafua tu." Kumbe jioni ile alimwona akichezea betri ndogo, bapa kama kifungo, iliyotolewa katika saa ya baba yake, na baadaye hakuiona tena. Mbona basi ameficha? Aogopa kuambiwa kwamba hakumtunza mwanawe.

Betri hiyo si sawa na sarafu. Ikikwama katika umio, unyevu wa mwili huunganisha pande zake mbili, umeme hupita, na hapo hutokea maji makali mfano wa magadi, yenye kuunguza nyama. Kwa muda wa saa 2 tu yaweza kudhuru vibaya, hata kama nguvu yake haitoshi tena kuendesha saa. Eksirei ingeionyesha mara moja. Bali ni nani apigaye picha ya mafua?

Tena yapo mambo ambayo hata eksirei haiyaoni. Punje ya karanga iliyompalia mtoto na kuingia katika njia ya pumzi kwa kawaida haionekani katika picha, na kikohozi chake chaweza kutibiwa majuma mengi kama pumu au nimonia. Hapo masimulizi ya mzazi ndiyo macho ya daktari. Kadhalika mtoto aliyekunywa mafuta ya taa katika chupa ya soda, kisha jirani mwenye huruma akamtapisha: kutapika huko kwaweza kuyapeleka mafuta mapafuni, na daktari asipoambiwa hatajua hatari imeongezeka kiasi gani.

Wengine watasema, kila mtu ana haki ya kulinda jina lake. Ni kweli, wala hatumdai mtu yeyote atangaze sokoni habari za nyumba yake. Lakini jina ni la mzazi, na uhai ni wa mtoto. Huyu hajui kusema. Kinywa cha mamaye ndicho kinywa chake. Mtu hawezi kulipa deni la aibu yake kwa mali ya mwingine, sembuse kwa pumzi zake.

Hata hivyo hatuthubutu kumtwika mama lawama zote. Wako akina baba ambao mke huwaogopa kuliko anavyomwogopa daktari, nao wajihoji. Wako pia wauguzi, ambao kazi yao ni nzito na twaiheshimu, lakini kwao swali na karipio hutoka kwa sauti moja. Tulipata kukaa katika ukumbi wa hospitali moja, mama mmoja akafokewa mbele ya watu wote: "Ulikuwa wapi mtoto akinywa?" Alilia, akasema kweli yote, mtoto akapokewa. Benchi zima lilisikia. Mama aliyefuata kwa zamu alimwinamia binti yake mkubwa, akamnong'oneza maneno ambayo hatukuyasikia. Na walipoulizwa ndani kilichompata mdogo, yule binti alimtazama mamaye kwanza.